Komeo

Kazi yangu ni kamba. Stendi ya Kange, dirisha la vifurushi:
kamba ya katani, kamba ya nailoni,
ile ya bluu inayong'ang'ania fundo lake kama deni.

Kisu cha marehemu baba kimenitoboa mifuko mitatu.
Shaba na mpingo, kizito kama neno la mkwe,
na siku kikijisikia hujikunja chenyewe:
shahidi ni kovu hili, kidole cha shahada.

Basi mwisho wa mwezi, mshahara ungali na joto,
nikapiga baiskeli hadi Mgandini
kwa Shebuge, meza ya pili toka kwa muuza iliki.

"Wataka cha kuuza sura, dada, au cha kukata?"
Akaanza na cha kuuza sura, kama kawaida yao:
cheusi, meno mgongoni, fuvu la mtu ubapani.
"Hiki vijana wanakigombania."
Nikamuuliza hao vijana hukatia nini.
Akakirudisha.

Cha pili kilikuwa na kila kitu, bisibisi, msumeno,
mkasi wa kukatia kucha za mtoto mchanga,
kizibuo cha chupa nisizokunywa.
Nyumba nzima mfukoni, na kodi yake elfu arobaini.
Mimi natafuta chumba kimoja.
Mlango mmoja. Komeo.

Cha tatu hakukitaja. Nilikiona mwenyewe
kimelala chini ya betri za redio,
mpini wa plastiki, rangi ya chungwa
(si la Muheza, letu huiva na ukijani wake,
ni lile la kwenye boksi la juisi),
kikidondoka nyasini utakiona.
Kimefungwa ndani ya plastiki ngumu
isiyofunguka bila kisu.
Tukatazamana. Shebuge akaichana kwa meno.

Nikakifungua kwa dole gumba la kulia. Tak.
Nikakifungua kwa la kushoto, maana siku zote
mkono mmoja umeshika mzigo wa mtu. Tak.
Nikaukandamiza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza,
nikaukandamiza tena, nikauegemea
kwa mwili wangu wote na chapati za asubuhi,
yeye akisema taratibu, dada, meza ya watu,
komeo lisitikisike.
Nilitaka kujua kama ni kiongo.
Kisu hudanganya mara moja tu.

Mwanamkasi akaniazima mizani,
sahani yake bado ina vumbi la iliki.
Gramu hamsini na nane.
"Iliki ya uzito huo," akasema,
"hutia harufu chai ya harusi nzima."

Elfu kumi na tano. Nikasema nane.
Akamwita Mungu, akawataja wanawe, akaitaja bandari na ushuru,
akanionya kuwa rahisi ni ghali,
macho yake yakirudi kwenye kile cha elfu arobaini.
Tukakutana kumi na moja.

Nimefika Mabawa nikajipapasa.
Hakuna.
Mfuko mwepesi kama ulivyotoka kwa fundi cherehani.
Nikageuza baiskeli, nikarudi jua la saa nane,
ulimi umejaa maneno niliyomwandalia.
Shebuge akainua turubai, akainua betri,
akapiga magoti mchangani kuchungulia uvunguni.
Mwanamkasi ndiye aliyenyoosha mkono
akaugusa mfuko wa gauni langu.
"Na hiki?"

Kilikuwemo. Kimelalia risiti ya luku.

Asubuhi nimekata kamba kumi na saba kabla ya chai,
hata ile ya bluu.
Ila mkono wa kulia bado hushuka wenyewe
ukitafuta uzito.

Cha baba nimekiweka rafuni, kando ya vikombe.
Ubao umeanza kupinda.